Mzinga Ulionuka Bani

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni wote mnaostahili, na ninyi wadogo zangu, habari za tangu asubuhi.

Kabla sijaanza nina ombi moja. Mlango ule wa nyuma naomba usifungwe. Najua upepo wa mwezi huu unaleta vumbi, na kina mama mmevaa vitenge vipya kwa ajili ya shukrani ya mavuno, lakini vumilieni. Sababu yake nitaisema nikifika mwisho.

Mwenyekiti ameniomba nitoe ushuhuda wa namna chama chetu cha wafuga nyuki kilivyopata mizinga hii mipya, na akaniambia nisizidishe nusu saa kwa sababu pilau liko jikoni. Nimemsikia. Ila nawaambia mapema, ndugu zangu: aliyekuja kusikia mafanikio ya msomi, pilau hilo atalila akiwa na hasira. Habari ya mizinga nitaisema. Lakini ndani yake kuna uongo nilioutamka kwenye ukumbi huu huu, nikiwa nimesimama karibu na dirisha lile, na kuna mtu mwingine aliyeulipia uongo wangu. Majina ya watu sitayataja. La kwangu mnalijua.

Mimi nilisomea viumbe vidogo, vile ambavyo jicho halivioni, na namna ya kuvifanya vitufanyie kazi. Kuna wenzangu waliofundisha bakteria kutengeneza dawa. Kuna wanaochunguza utando wa buibui ili wapate uzi usiokatika. Mimi nilichagua uyoga. Niliporudi nyumbani sina ajira, nina begi moja la nguo na sanduku la visahani vya kioo, mama yangu alivifungua akaviangalia, akasema, "Miaka yote hiyo umesomea ukungu? Si ungebaki hapa nikuonyeshe ugali uliolala."

Alikuwa na haki ya kucheka. Lakini sikilizeni niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kosa langu. Uyoga tunaookota porini mvua zikianza ni tunda tu. Mwili wenyewe uko chini, ni nyuzi nyeupe nyembamba, zinatambaa ndani ya majani na miti iliyooza, zinakula na kushikamana. Ukichukua takataka za shambani, ukazichemsha, ukazipandikiza nyuzi hizo na kushindilia ndani ya kalibu ya mbao kama ya kufyatulia tofali, kwa wiki mbili tatu zinafungana zote zikawa kitu kimoja. Ukikausha kwa moto wa kutosha kile kiumbe kinakufa, na wewe unabaki na ubao mwepesi usiopitisha joto, ambao hukukata mti kuupata.

Nilizunguka pori la huku kwetu nikikusanya uyoga, hadi nikapata mmoja wenye nyuzi zinazoshika kwa nguvu. Nikaanza kumfundisha kula. Nacheka kusema hivyo, ila ndivyo kazi ilivyokuwa. Namlisha magunzi ya mahindi yaliyosagwa, nachagua ile sehemu iliyokua haraka zaidi, naihamishia sahani nyingine, narudia. Sahani kwa sahani, msimu kwa msimu. Nikamwita Binti. Na kwa mchwa nikajifunza mambo mawili, maana mchwa wanalima uyoga ndani ya vichuguu vyao kabla sisi hatujajua jembe: namna ya kuacha vitundu vya kupumulia ukutani, na unene wa ukuta unaofanya ndani pasichemke jua likiwaka.

Kwa nini mizinga? Wafuga nyuki wenzangu mnajua. Mzinga wa gome ni mti mmoja. Ukiuchuna mti gome lake lote unakufa umesimama, na baba zetu wamechuna mpaka sasa tunatembea siku nzima kulifikia pori lenyewe. Nikasema nitawapa mzinga ambao haujaua mti. Nilitengeneza sita kwa magunzi na maranda ya fundi seremala mmoja wa Mtendeni. Nyuki wakaingia wenyewe. Msimu ule masega yalijaa hadi kwenye mfuniko, na ninyi mkaniita Daktari wa Uyoga, nami nikalipenda jina hilo kuliko inavyofaa. Nilianza hata kutembea polepole, mikono nyuma.

Hapo ndipo chama kikaagiza mizinga arobaini. Wanachama walikubaliana kwamba watahamisha makundi yao ya nyuki kutoka kwenye magome, kundi zima na malkia wake, na magome yale ya zamani wayavunje. Hamkuwa mnajaribu kwa mzinga mmoja. Mlikuwa mnanipa nyuki wote.

Nikakubali, tena kwa haraka. Nikafika mzinga wa kumi na moja, vifaa vikaisha. Mashine ya yule fundi ilikuwa imeharibika, hakuna maranda. Magunzi watu walikuwa wameshayachoma jikoni. Na mbele ya macho yangu, pembeni ya kila shamba, kulikuwa na malundo ya mashina ya tumbaku yaliyong'olewa yakisubiri kuchomwa moto. Bure. Mengi kiasi cha kujaza treni. Nikajiambia sumu ya tumbaku iko kwenye jani, shina lina kidogo tu. Nikajiambia nitachemsha, itatoka. Nikajiambia Binti atakula kilichobaki. Ndugu zangu, kila moja ya sentensi hizo ilikuwa swali la kupima maabara, nami nilizigeuza majibu. Sikupima hata mara moja. Nikatengeneza mizinga ishirini na tisa kwa mashina ya tumbaku, nikaikausha kwenye bani letu la kukaushia tumbaku ambalo marehemu baba aliliacha, na sikumwambia mtu.

Sasa kuna bibi mmoja. Mlioishi hapa zamani mnamjua. Wageni mjue hivi: alikuwa mjane, na mumewe alipofariki hakuigawa mizinga yake kwa mashemeji kama walivyotaka. Aliendelea nayo mwenyewe, akipanda ngazi na bomba lake la moshi, kazi ambayo huku kwetu watu wanasema ni ya wanaume. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umemwachia macho mekundu. Na ulimi wake haukuwa na pazia. Mzinga wake kila mmoja ulikuwa na alama ya ukoo wa mumewe, mikato miwili iliyopishana na mmoja pembeni, na hapa kwetu mzinga wenye alama ya mtu hauguswi na mtu mwingine.

Siku ya kugawa mizinga alikuja kuchukua wake. Akauinua, akaingiza kichwa ndani, akanusa. Akautua chini.

"Huu unanuka bani," akasema.

"Bibi, tumeukaushia kwenye bani, ndiyo maana."

"Mimi najua harufu ya ukuta wa bani na najua harufu ya tumbaku. Mtu akifunga tumbaku huku kwetu haendi kwenye nyuki mpaka aoge na abadili nguo. Wewe hukufundishwa na baba yako?"

Nilifundishwa. Baba alikuwa na suruali ya tumbaku na suruali ya nyuki, na hazikuanikwa kamba moja. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi ni Daktari wa Uyoga. Nikacheka. Nikasema, "Bibi, hayo ni mambo ya zamani." Watu wakacheka pamoja nami. Bibi akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Haya. Mtakuja kuona," akaenda zake bila mzinga.

Lishikeni neno hilo, maana lilikuja kumponza.

Mkahamisha nyuki. Miezi ya jua ilipita salama. Mvua za kwanza zikaja, kuta zikalowa, unyevu ukaanza kutoka kwa ndani, na nyuki kama kawaida yao wakaramba maji ukutani. Wiki moja baadaye mwanachama wa kwanza akaniita. Chini ya mzinga wake kulikuwa na nyuki waliokufa, wengi hata ardhi haionekani, na wengine wakizunguka mgongo chini. Ndani majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa yamekauka kwenye masega. Nikaingiza kichwa kwenye mzinga uliolowa nikanusa. Ukanuka bani. Hapo hapo nilijua. Sikuhitaji maabara.

Nawaomba mnielewe vizuri: sikukisia, nilijua. Nilirudi nyumbani nikiwa na jibu kamili kifuani na nikala chakula cha mchana.

Kwa siku kumi nyuki walikufa pori zima. Nilimwona mzee mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, amekaa chini amewashika nyuki wake kwenye viganja viwili anawapuliza kana kwamba wataamka. Msimu wa asali ulikuwa umekwisha kabla haujaanza. Mlitegemea ule msimu kwa karo, kwa matibabu, kwa mbegu. Na mliponitazama mliniangalia kwa huruma, mkidhani nimefiwa pamoja nanyi.

Kikaitishwa kikao, humu ndani. Mwenyekiti akasimama akaniuliza mbele ya watu wote, "Mtaalamu, tuambie. Ni mizinga?"

Nilikuwa pale dirishani. Nilifikiria miaka yangu saba ya masomo. Nilifikiria mama alivyoacha kunitania na kuanza kujivuna. Nikasema, "Mizinga nimeipima. Haina tatizo."

Maneno manne. Kisha mtu mmoja huku nyuma akasema, "Kama siyo mizinga, basi kuna mkono wa mtu." Mwingine akauliza ni nyuki wa nani ambao hawajafa. Na jibu kila mmoja alikuwa nalo, kwa sababu ile mizinga kumi na moja ya magunzi ilichanganywa kwenye mgao, kila mwanachama alikuwa amepoteza nyuki, na ni nyuki wa mtu mmoja tu waliokuwa wazima kabisa, wa yule aliyekataa mzinga wangu. Yule aliyesema mtakuja kuona. Mjane anayefanya kazi ya wanaume, mwenye macho mekundu, yale ambayo huku kwetu watu huyaita ya mchawi. Nilisikia hesabu hiyo ikifungwa kichwani mwa kila mtu aliyekaa humu, na kitu pekee kilichohitajika ni mimi kufungua mdomo. Nilitazama nje. Kulikuwa na mbuzi anakula karatasi. Namkumbuka yule mbuzi rangi yake.

Siku mbili baada ya kikao bibi akaja kwetu mchana. Nilimwona kwa mbali, ana kitu amekifunga kwenye kanga. Nikamwambia mama amwambie sipo, nikaingia ndani ya bani nikasimama gizani kati ya fito, kanga yangu begani. Nilimsikia akisema, "Nitamsubiri." Alisubiri muda mrefu. Mama akampa maji. Mwisho akasema, "Mwambie nimekuja. Mwambie nimekuja kwake, sikwenda kwa mwingine." Nikasikia kandambili zake zikiondoka.

Kesho yake asubuhi niliona moshi upande wa kwake. Nikajiambia kuna mtu anachoma shamba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, ndugu zangu. Nani anachoma shamba lililolowa?

Walimkuta njiani akitoka zahanati. Walimvunja mkono wa kulia. Nyumba yake waliichoma, na mizinga yake waliishusha mmoja mmoja wakaivunja kwa mashoka pale penye alama. Baadhi yenu mlikuwepo. Siwaangalii. Sina haki ya kumwangalia mtu kwa jambo hilo, maana shoka mlishika ninyi lakini aliyewaonyesha mahali pa kukata ni mimi niliyenyamaza. Aliokolewa na mwalimu mmoja aliyesimamisha pikipiki katikati yao na kumkinga kwa mwili wake. Jioni ile alipandishwa treni kwenda Kaliua kwa mdogo wake, mkono umefungwa kwa ubao.

Nilikaa wiki nzima sili. Mama alidhani ni malaria. Nilikuwa nikilala natamani kusikuche, na kunapokucha naona aibu kwamba jua limenikuta tena. Sikuwa najuta vizuri hata, nilikuwa naogopa. Ni vitu viwili tofauti. Mwenye kujuta anamfikiria aliyeumia, na mimi nilikuwa najifikiria mimi.

Siku ya nane nikaenda kwenye nyumba yake iliyoungua. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Nyuma, kwenye kijumba cha kuku ambacho moto haukukifikia, nikaona kanga ile ile imefungwa. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na vibuyu viwili vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa chembamba. Kimoja kilikuwa na kipande cha gome na nyuki wachache. Kingine kilikuwa na kipande cha mzinga wangu, alichokimega sijui wapi, kimeloweshwa maji, na nyuki chini yake. Wote walikuwa wamekufa muda mrefu, wa vibuyu vyote viwili, lakini wa kibuyu cha gome walikuwa wamejipanga wamelala kwa njaa, na wa kwangu walikuwa wamejikunja migongo.

Bibi yule hajui kusoma. Alikuwa amefanya jaribio ambalo mimi mwenye cheti sikulifanya. Na alipopata jibu hakulipeleka kwenye kikao, wakati kikao ndicho kingemwokoa. Alilileta kwangu.

Hapo nililia, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza nikimlilia mtu mwingine. Nikabeba vile vibuyu moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti.

Mnakikumbuka kikao cha pili. Nilileta chupa mbili za kioo. Moja nikaweka kipande cha ule mzinga wa magunzi wa mwanzo, nyingine kipande cha mzinga wa tumbaku, vyote vimelowa, na nyuki ishirini ishirini. Sikueleza kitu. Nikawaomba mkae mtazame. Tulikaa. Chai ikaletwa ikapoa. Nyuki wa chupa ya pili wakaanza kutetemeka, wakaanza kuanguka, mmoja, halafu mwingine, na mlikuwa mnasikia kabisa wakigonga kioo. Wa mwisho alipoanguka nikasema: ni mashina ya tumbaku, niliyatia mimi, nilijua tangu siku ya kwanza, nikawadanganya.

Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na bibi je?"

Mtu mmoja alinitemea mate usoni na sikuyafuta. Nilitoka hapo nikaenda kituo cha polisi nikaandikisha maelezo yangu yote. Chama kikanifukuza, na kilifanya vyema. Miezi mingi hakuna aliyenisalimia. Nikifika kisimani watu wananiachia foleni yote, naenda mbele peke yangu, na hakuna upweke kama kuchota maji bila kusukumwa. Mama alizeeka mwaka ule. Visahani vyangu vikapata uchafu kimoja baada ya kingine, sikuwa na moyo wa kuvitunza. Binti alibaki hai kwenye kimoja tu.

Nilikwenda Kaliua kuomba msamaha. Nilimkuta bibi uani kwa mdogo wake anabangua karanga kwa mkono wa kushoto, wa kulia umepona umepinda. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima. Akanikatiza. "Kusamehe bado. Sijui kama kutakuja, kukija nitakwambia. Ile mizinga umeitupa wapi?"

"Nimeichimbia shimo, bibi."

"Mbali na kisima?"

"Mbali."

Akaendelea na karanga zake. Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma, kwa nini hakusema kwenye kikao. Akanitazama kwa macho yale. "Niseme mimi? Mimi na wewe tukisimama, wewe una cheti, mimi nina macho haya. Wangemsikiliza nani? Ilibidi useme wewe. Ndiyo maana nilikuja kwako. Na ulikuwepo, mwanangu. Niliiona kanga yako kwenye ufa wa bani."

Nilitamani ardhi inimeze na ardhi ikakataa.

Nilipoinuka kuondoka, akasukuma kwa mguu lile lundo la maganda ya karanga. "Hicho kiumbe chako," akasema, "hiki hakili?"

Nilirudi Tabora na magunia mawili ya maganda ya karanga. Kondakta alidhani nimerukwa na akili. Nikaanza upya na ile sahani moja, kumfundisha Binti kula maganda, na alikataa, akakubali kidogo, akakataa tena. Misimu miwili. Jirani mmoja mkulima wa upande wa Kipalapala aliniwekea magunzi yake yote bila kuniuliza nitafanyia nini. Fundi wa Mtendeni alinihifadhia maranda kwenye kona, na kila nikienda ananitania, "Hayana tumbaku, ila mimi nanusa ugoro, usinipeleke mahakamani." Yule alikuwa mtu wa kwanza kunichekesha. Nilijenga kikaushio cha jua, bani nikalibomoa. Mtaalamu mmoja wa maabara alipima kila kipande kwa mashine zake na kunipa karatasi iliyosema ni salama.

Nikampigia bibi simu kumsomea karatasi. Akasema, "Karatasi hiyo haina pua. Niletee ninuse."

Na tangu siku hiyo huo ndio utaratibu wetu, ambao wengi wenu hamkuujua. Kila ninapotoa mizinga mipya, kipande kimoja kilicholoweshwa kinapanda treni kwenda Kaliua. Bibi ananusa, anakiweka kwenye kibuyu na nyuki siku tatu, kisha anapiga simu. Anasema neno moja, "Peleka," au, "Vunja." Mara moja alisema vunja wakati maabara imesema salama. Nilikasirika, lakini nikatafuta, na nikagundua maganda ya safari ile yalikuja kwenye magunia yaliyowahi kubebea tumbaku. Nilivunja mizinga yote ile kwa mikono yangu nikiimba.

Sasa hivi makundi yenu yamerudi. Si yote. Kuna wazee humu ambao nyuki wao walikuwa wa babu zao, na hao hawatarudi, na asali ya leo haiwezi kuyafuta hayo. Ninasema hivyo ili mtu asiondoke hapa akidhani nimemaliza deni. Sijamaliza.

Jambo moja zaidi. Wengi mmeniuliza ile alama iliyogandamizwa mbele ya kila mzinga ni ya nini, mikato miwili iliyopishana na mmoja pembeni. Wengine mlidhani ni nembo ya kitaalamu. Waliovunja mizinga kwa mashoka wanaijua, na wamekaa kimya. Nilimwomba bibi ruhusa ya kuichonga kwenye kalibu. Alifikiri siku nyingi, kisha akasema, "Iweke. Waione kila wanapovuna." Kwa hiyo kila mmoja wenu ana alama ya bibi juu ya miti yake, na kwa desturi yetu mzinga wenye alama ya mtu hauguswi. Mnavuna kwa ruhusa ya mtu mliyemfukuza. Nami pia.

Nawashukuru basi. Yule mwalimu wa pikipiki, Mungu akuzidishie. Fundi, jirani, mtaalamu wa maabara, na mama yangu ambaye hakunificha ndani hata siku moja, alinituma kisimani kila asubuhi akijua nitakutana na nini. Mwenyekiti, wewe ulinifukuza na wewe ukanirudisha, na vyote viwili vilinifaa. Funzo langu ni fupi, na si la kisomi. Ukishajua, sema siku ile ile. Mimi nilinyamaza siku kumi na tisa tu, na hizo zilitosha kuichoma nyumba ya mtu.

Nilisema nitaeleza habari ya mlango. Bibi amekuja na treni ya asubuhi. Amekaa pale nje kwenye benchi tangu nilipoanza, na kanga yake magotini. Nilimwomba aingie akae mbele, akakataa. Aliniambia, "Nitakaa nje nisikilize. Ukifika kwenye ile sehemu ya bani, nilipokusubiri, nataka kujua kama utairuka. Ukiiruka, narudi stesheni."

Bibi, sikuiruka.

Naomba walio karibu na mlango wasimame, wampishe.